Je, Somo Likitafsiriwa Huwa la Mtafsiri?

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda, na wenzangu wanaosomea kompyuta huniomba niwaandikie masomo ya programu kwa lugha hii. Mengi ya masomo hayo asili yake ni Kiingereza. Hapo ndipo linapozuka swali: nikilitafsiri somo la mtu, je, limekuwa langu?

Wapo wanaosema ndiyo. Hoja yao ni kwamba msimbo ni kama hesabu, haumilikiwi na mtu. Sehemu ya hoja hiyo naikubali. Programu fupi ya kuusalimu ulimwengu ilienezwa na kitabu cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie kuhusu lugha ya C, kilichotoka mwaka 1978. Leo mwalimu anayeitumia halazimiki kuwataja, kwani imekuwa mali ya wote kama methali.

Lakini somo si amri tupu. Kuna mtu aliyechagua mfano, akapanga hatua, akatambua mwanafunzi atakwama wapi. Tafsiri ni jasho langu, mpango ni jasho lake. Wala neno “bure” halina maana ya “bila mwenyewe”. Majibu ya Stack Overflow husomwa bila malipo, ila leseni yake ya Creative Commons hudai mwandishi atajwe. Leseni ya MIT nayo huruhusu karibu kila matumizi, mradi tangazo la hakimiliki libaki.

Ipo sababu nyingine ambayo kwangu ni nzito zaidi, nayo ni msomaji. Python 2 iliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Humo amri ya print iliweza kuandikwa bila mabano. Katika Python 3 hilo ni kosa. Mwanafunzi akifuata somo la zamani lisilo na chanzo wala tarehe, programu yake itagoma, naye atadhani ujinga ni wake. Chanzo kingemwonyesha kwamba somo ndilo lililozeeka.

Kwa hiyo anayemficha mwandishi huwadhulumu wawili: humnyima mwandishi haki yake, na humfungia msomaji njia ya kuhakiki. Wahenga walinena, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mistari michache mwishoni mwa somo yatosha: jina la mwandishi, mahali nilipolipata somo, tarehe yake, na yale niliyoyabadili mimi.