Shairi na Haraka ya Kujibu

Tumezoea kuuliza kila andiko latufundisha nini. Desturi hiyo ni njema katika hadithi za watoto. Lakini je, shairi la mtu mwenye huzuni nalo ladaiwa fundisho? Na tusipoliona fundisho hilo, je, ni haki kulitupa kama kitu kisichofaa?

Swali hili lilinijia nilipowasoma watunzi watatu wa zama zetu. Wote watatu ni watu wa mbali: wa Tanga, wa Mombasa, na wa kisiwa cha Ukerewe. Walakini lugha yao si ngeni Kasongo. Ililetwa huku na misafara ya pwani, siku za Tippu Tip, kwa njia ile ile ya pembe na ya watumwa. Majeshi ya Dhanis yaliuteka mji mwezi wa Aprili 1893, lakini lugha ilibaki. Leo Mbangubangu wa Kabambare na Mkusu wa Kasongo wakikutana sokoni, huelewana kwa Kiswahili, na wengi huwalilia wafu wao kwa lugha hiyo. Basi twaweza kuwasoma watunzi hao kama jamaa.

Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, alimtungia marehemu mkewe Amina shairi la maombolezo. Vina vyake vimepangwa sawasawa. Nalilinganisha na matanga ambayo kila mtu ajua mahali pake pa kukaa.

Abdilatif Abdalla alifungwa huko Kenya tangu 1969 hata 1972, kwa sababu ya karatasi aliyoiandika kuipinga serikali. Gerezani alitunga kwa siri, akiandika juu ya karatasi za chooni. Mashairi hayo yakatolewa mwaka 1973 katika kitabu Sauti ya Dhiki. Kimvita chake kilinilazimisha kurudia beti mara tatu, nne. Nilistaajabu kwamba mtu aliyekwisha kufungwa minyororo ya wengine ajifunge tena kwa vina na mizani. Nadhani sababu ni hii: sheria hiyo tu ndiyo aliyoichagua mwenyewe.

Aliyenishika zaidi ni Euphrase Kezilahabi, aliyesoma seminari ya Nyegezi karibu na Mwanza. Kitabu chake cha mwaka 1974 chaitwa Kichomi, yaani yale maumivu yachomayo ubavuni. Yeye aliacha vina na mizani, na wajuzi wa ushairi wa kale wakamkemea wakisema hayo si mashairi. Ugomvi huo haunisumbui. Bibi zetu waliapo msibani hawahesabu silabi, wala sijasikia mtu akiwaambia kwamba kilio chao si kilio.

Katika kitabu hicho mna shairi la mgomba uliokatwa, ukalala chini. Msomee mkulima wa Kabambare shairi hili, naye atakujibu mara moja: machipukizi yapo, shamba halijafa. Asema kweli. Lakini ameruka juu ya mgomba. Hakuutazama hata kwa muda wa kuvuta pumzi, naye mtunzi alitaka tuutazame.

Hapo naona jambo zito kuliko ushairi. Nchi yetu ya Maniema ilipita katika vita vya mwaka 1964, tena katika vile vya 1996 na 1998. Ni wangapi walioanza kusimulia waliyoyaona, wakakatizwa kwa neno jema la faraja? «Mungu yupo, mama, nyamaza.» Neno ni la kweli, lakini mara nyingi twalitumia kama kifuniko cha chungu, ili sisi wenyewe tusisikie zaidi. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, pasipo kusema neno. Hilo ndilo jema walilotenda. Walipoanza kueleza sababu za mateso yake, waliharibu.

Wengine watapinga. Katika Kichomi mna pia shairi Kisu Mkononi, ambamo mtu ashika kisu na kupima kama maisha yake yastahili kuendelea. Je, ni busara kumpa kijana shairi kama hilo? Mimi singempa akalisome peke yake usiku. Lakini kulificha hakumwondolei kijana mawazo hayo, ikiwa anayo tayari. Kwamzuia tu asijue kwamba mwingine aliyawaza kabla yake, akayatia katika maneno, na akaishi hata mwaka 2020. Alisome pamoja na mtu mzima. Na ikiwa baada ya kusoma ananyamaza, tena macho yake yako chini, asiulizwe papo hapo kama amesali. Aulizwe amekula nini leo, analala wapi, na ni nani aliye naye nyumbani.