Kitabu Kimekuachia Nini?



Mwaka ukiisha tunahesabiana: "Mimi nimesoma vitabu 12, wewe je?" Sawa, kuhesabu si dhambi. Ila hebu tumtazame Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Mwaka 1521 alivunjwa mguu na mzinga vitani, Pamplona. Akiwa kitandani aliomba hadithi za mashujaa, nyumbani hazikuwapo. Akaletewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Akasoma, akanakili daftarini: maneno ya Yesu kwa wino mwekundu, ya Mama Maria kwa wino wa bluu. Tena akauchunguza moyo wake. Ndoto za sifa za dunia zilimwacha mkavu; kuwaza kuwaiga watakatifu kulimwachia furaha. Hapo ndipo askari yule alipoanza kugeuka.

Basi, kwenye daftari lako usiandike jina la kitabu tu. Andika pia: nilipokifunga, kiliniachia nini? Amani au ukavu? Kile kilichokusogeza kwa Mungu, umwazime rafiki, nawe umuulize chake. Inyasi hakukichagua kitabu kilichombadilisha, aliletewa. Huenda kuna mwenzako anasubiri wewe umletee.

Mungu atubariki sote.