Rasimu ya Mwongozo na Haki ya Mwanagenzi

Mwongozo wa programu ya kompyuta, yaani maandishi yanayomwonyesha mwanagenzi hatua kwa hatua jinsi ya kusakinisha programu au kuandika amri, hupimwa kwa kutendwa kabla ya kupimwa kwa ufasaha wake. Kwa hiyo anayepewa rasimu aikosoe, awe mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi au fundi wa kompyuta mjini Malindi, hana budi kuketi mbele ya mashine na kuitekeleza kila hatua kama ilivyoandikwa, bila kujazia kwa ujuzi wake palipomponyoka mwandishi.

Mfano ni Python, lugha ya kuandikia programu iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991. Toleo lake la 3, lililotoka mwaka 2008, lilibadilisha hata amri ya kuonyesha neno kwenye skrini: print "Jambo", iliyokubalika katika toleo la 2, sasa huleta ujumbe wa kosa, kwa kuwa neno hilo sharti litiwe ndani ya mabano, print("Jambo"). Mhakiki anayeandika pembeni kwamba mwongozo ni mbovu humvunja moyo mwandishi wala hamsaidii kitu. Anayeeleza kuwa hatua ya 4 imekwama kwenye toleo la 3, akanakili ujumbe uliotokea, akapendekeza mabano na kushauri toleo litajwe tangu mwanzo, amemkabidhi kazi inayoweza kumalizwa leo hii. Sifa nazo zitolewe, mradi zitaje kilichofaa, kwani mwandishi asiyejua alipopatia huweza kukifuta kilicho chema.

Kilifi ina mazoea ya kuwasikiliza wasio wataalamu hata nje ya mambo ya kompyuta: katika kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanzishwa mwaka 1989, wawakilishi waliochaguliwa na wakazi huwafikishia watafiti maoni ya jamii, na busara yake ni kwamba asiye mtaalamu ndiye huona upesi pengo lililoachwa na wataalamu.

Kunyamaza kwa kuona haya, ambako wengi hukuhesabu kuwa adabu, hapa ni dhuluma, maana kosa lililoachwa humwangukia kijana aliyenunua bando kwa fedha za kubangaiza, ambaye amri ikigoma hudhani akili yake ndiyo iliyopungua. Aliyekabidhiwa rasimu na aijaribu yote, aandike alipokwama, kisha airudishe kabla haijachapishwa.