Je, Mtu Hununuliwa?

Kila mara husemwa katika magazeti na redio kwamba klabu fulani "imemnunua" mchezaji fulani, au "imemwuza". Sisi walimu wa Kiswahili huiangalia sentensi ya namna hiyo, tukaona upatanisho wake ni sawa, kisha tukaipita. Yafaa tujiulize: sentensi iliyo sahihi kisarufi, je, ni sahihi pia kimaadili?

Tutazame mfano wa Ufaransa baada ya Vita Vikuu vya Pili. Kijana aliyetia sahihi mkataba wake wa kwanza wa kandanda ya kulipwa alifungamana na klabu yake mpaka atimize umri wa miaka 35. Klabu iliweza kumwuza kwingine bila ya ridhaa yake. Yeye hakuweza kuondoka bila ya ruhusa ya klabu. Na katika umri huo miguu ya wengi imekwisha choka. Hivyo mkataba huo ulichukua maisha yote ya kazi yake. Mchezaji wa kawaida, asiye na sifa wala jina kubwa, aliweza kuhamishwa mji hadi mji kama mzigo.

Mwaka 1963 Raymond Kopa, mwana wa mchimba makaa, ambaye naye aliwahi kushuka mgodini, na aliyepata Mpira wa Dhahabu mwaka 1958, alitamka hadharani kwamba wachezaji ni watumwa. Kwa kauli hiyo aliadhibiwa.

Je, alisema kweli? Katika pwani yetu neno "mtumwa" ni zito. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na waliopitishwa hapo walitekwa kwa nguvu, wakapigwa, wakafanyishwa kazi bila ya ujira. Kopa hakuonja hayo, na anayemlinganisha nao huupunguza uchungu wao. Hilo twalikubali. Lakini utumwa una mambo matatu: kipigo, njaa, na kuwa mali ya mwingine. Ukimwondolea mtu kipigo na njaa, bado hujamwondolea lile la tatu. Neno la Kopa lilikuwa kubwa kuliko hali yake, ila lilielekea palipo na jeraha.

Huenda msomaji akasema kuwa klabu ilimlea kijana, ikamfundisha na kumtibu, na kwamba deni hulipwa. Ni kweli, deni hulipwa. Lakini deni la haki lina kikomo. Deni lisilokwisha mpaka nguvu za mdaiwa zikwishe si deni tena, bali ni umiliki.

Waliolipinga jambo hili hawakuwa wanyonge peke yao. Mwaka 1961 Eugène N'Jo Léa, Mkameruni aliyesomea sheria, pamoja na Just Fontaine, aliyefunga mabao 13 katika Kombe la Dunia la mwaka 1958, na wenzao, waliunda chama cha wachezaji. Mei 1968 wanakandanda waliyakalia makao makuu ya shirikisho mjini Paris, wakidai mchezo uwe wa wachezaji. Mwaka 1969 mkataba wa muda maalumu ulianzishwa. Fontaine alikuwa amekwisha acha kucheza tangu mwaka 1962, kwa kuvunjika mguu. Matunda hayo hakuyala yeye. Hapo ndipo tuonapo ubora wa tendo lao: mwenye sauti alimsemea asiye nayo. Wahenga walituambia: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Hatusemi kwamba neno "kununua" lifutwe. Lugha haifutwi kwa amri. Lakini mwanafunzi anapoliandika, tumwulize ni kitu gani kilichonunuliwa: kazi ya mtu, muda wake, au mtu mwenyewe? Akishajua tofauti ya hayo matatu, atakuwa amejifunza zaidi ya sarufi. Naye siku atakapopewa mkataba wake mwenyewe autie sahihi, atausoma mpaka mwisho.