Nani Analipia Amani?

Siku ya nne ya safari yetu kutoka Dar es Salaam ilianza Kigali kabla jua halijachomoza. Ilikuwa Desemba 2018. Baba alikuwa bado akijikumbusha kwa sauti, "Kulia, kulia," maana tangu tuvuke daraja la Rusumo tulikuwa tumehamia upande mwingine wa barabara. Bibi, aliyekaa mbele, hakusema neno hadi tulipokaribia Musanze. Volkano zilipojitokeza akaanza kuzitaja: Muhabura, Gahinga, Sabyinyo, kama anavyotuita sisi wajukuu.

Aliondoka Gisenyi mwaka 1959 akiwa na umri wa miaka kumi. Familia yake ilikimbilia kwanza Kongo, ng'ambo tu ya mpaka. Ndoa ndiyo iliyompeleka Tanzania. Nyumba yao tuliijua kwa hadithi: ukuta wa mawe meusi ya volkano, mparachichi uani, na ziwa Kivu linaloonekana ukisimama mlangoni.

Tuliikuta. Mparachichi haukuwepo tena, lakini ukuta ulikuwepo. Uani, mwanamke wa rika la mama yangu alikuwa akianika nguo. Alipotusikia tukizungumza Kiswahili, naye akatukaribisha kwa Kiswahili, kile cha mpakani kinachofanana na cha Goma, akamletea Bibi kiti. Alizaliwa ndani ya nyumba ile. Baba yake aliinunua kabla yeye hajazaliwa. Sikuona sababu ya kutomwamini.

Je, Bibi alikuwa na haki ya kuidai? Itifaki ya kuwarejesha wakimbizi, iliyotiwa saini Arusha mwezi Juni 1993, ina jibu ambalo mpaka leo linanisumbua. Kifungu kilekile kinachokiri kwamba mkimbizi anayerudi ana haki ya kupata tena mali yake ndicho kinachopendekeza kwamba aliyeondoka zaidi ya miaka 10 kabla asiidai, ikiwa imekwisha kukaliwa na wengine. Afidiwe kwa kupewa ardhi na kusaidiwa kuanza upya. Sababu inayotolewa ni maridhiano ya taifa.

Nimejaribu kukipinga kifungu hicho, nikashindwa. Yule mwanamke hakumfukuza mtu. Kumtoa yeye ni kuzalisha mkimbizi mpya, ili baada ya miaka sitini mjukuu wake naye aje kuchungulia ukuta uleule. Hata hivyo, kukubali kwamba kanuni ni sahihi si kukubali kwamba hakuna anayedaiwa. Tunaizungumzia amani kana kwamba ilianguka pamoja na mvua, ilhali kuna watu walioilipia, na wengi wao walikuwa wamekwisha kupoteza tangu mwanzo. Ardhi ya kwingine ni ardhi kweli, lakini haina mlango ule. (Bibi, kwa taarifa yenu, hata hiyo hakuiomba.) Naona anastahili angalau shukrani, na hapo ndipo sheria inapofika mwisho wake: serikali inaweza kufidia, ila kushukuru kunahitaji mtu anayejua ameachiwa nini, na nani.

Bibi hakudai chochote, wala hakueleza habari za 1959. Alisema tu kwamba naye alizaliwa hapo, akaomba asimame mlangoni kidogo.

Mwanamke alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda kwenye kamba, akaanza kuzianua nguo zikiwa bado zinachuruzika maji, ili ziwa lionekane.