Fundi Alipobaki Mwenye Nyumba

Tangu serikali ihamie Dodoma na Mji wa Serikali ukajengwa jirani, Mtumba, nyumba zimeota Ihumwa kwa kasi. Wenye nyumba wengi ni watumishi wanaoshinda ofisini au safarini, kwa hiyo mtu akishaweka geti hufuatia kamera.

Tumchukue mama mmoja wa huko, wa kubuni, ingawa wengi watajitambua ndani yake. Fundi amemfungia kamera nne na kuiweka mashine ya kurekodi nyuma ya televisheni. Mama anataka aione nyumba hata akiwa mbali. Fundi anatoa simu yake mwenyewe, anaskani msimbo ulio chini ya mashine, anaisajili kwa akaunti yake, kisha ndipo anamwalika mama. Neno la siri analiacha lile lile la kiwandani: admin, halafu moja hadi tano.

"Mama, tayari. Hilo neno la siri utabadilisha baadaye."

Baadaye hiyo haifiki. Mama yumo kwenye treni ya SGR kuelekea Dar es Salaam, anafungua simu, anamwona dada akianika nguo na mtoto akikimbiza mpira, roho inatulia. Asichokijua ni kwamba mashine nyingi za namna hii humtambua mmiliki mmoja, na mmiliki huyo ni fundi. Yeye ni mwalikwa tu nyumbani kwake. Fundi anapouza simu ile bila kutoka kwenye akaunti, anayeinunua anapewa pia nyumba ya mama. Anajua dada hutoka saa ngapi kumfuata mtoto shuleni. Wezi wanapoingia, kitu cha kwanza wanachobeba ni mashine iliyo nyuma ya televisheni.

Nisieleweke kuwa mafundi ndio wabaya. Wengi ni waaminifu, na hatari nyingine haina hata uso. Januari 2012, dosari katika kamera za kampuni ya TRENDnet ya Marekani iliwezesha watu kusambaza mtandaoni viungo vya kamera karibu 700. Watu wasiojulikana wakatazama vitoto vimelala vitandani. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ikazunguka dunia ikijaribu maneno ya siri ya kiwandani, kama sitini hivi. Ikateka kamera na mashine za kurekodi kwa maelfu, na tarehe 21 Oktoba zikatumika kuangusha huduma kubwa za intaneti kwa saa kadhaa. Wenye mashine hawakuhisi lolote. Picha ziliendelea kuonekana.

Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023. Lakini sheria humfuata mhalifu baada ya kosa, na picha ya mwanao ikishasambaa hairudi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, fundi asiondoke kabla mashine haijasajiliwa kwa simu yako na neno la siri hujaliandika wewe, refu, lisilotumika kwingine. Akitaka kufungua poti kwenye rauta, yaani mlango wa kuingilia kutoka intaneti, mkatalie. Kamera ya chumbani iondoe. Na kama ulishafungiwa zamani, fungua leo orodha ya watumiaji kwenye mashine yako. Jina usilolijua, lifute.