Maji ya Udhu na Jaribio la Siku Arobaini



Miongoni mwa mambo ambayo sisi walimu wa dini huyasema mara nyingi na kuyatenda mara chache ni katazo la israfu, yaani kupita kiasi katika matumizi. Tunalisoma katika Kurani Tukufu, tunalifundisha darasani, tunalikariri katika hotuba. Kisha tunatoka tukafungua bomba na kusahau yote tuliyoyasema. Leo napenda kukueleza jinsi katazo hilo lilivyonishitaki mimi mwenyewe, na jinsi nilivyojaribu kulitii kwa muda wa siku arobaini. Huenda wewe unayeichunguza dini hii, au uliyeingia karibuni, ukapata humo jambo la kulishika.

Swali la msukuma mkokoteni

Mwezi wa Oktoba 2022 maji ya mto Ruvu yalipungua sana kwa ukame, na wakazi wa Dar es Salaam wakawa wanapewa maji kwa mgao. Mto huo huanzia katika milima ya Uluguru, huko Morogoro, na sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka humo. Mtaa wetu uko mwisho wa bomba. Hata katika siku njema maji hutufikia kwa zamu. Basi msikiti ukawa unanunua maji kwa madumu ya lita 20.

Aliyetuletea alikuwa kijana mmoja msukuma mkokoteni, asiye Mwislamu. Kila safari alipandisha kilima akiwa na madumu kumi, akayamimina katika tangi letu, na akikuta darasa la baada ya Alasiri linaendelea, aliketi barazani akasikiliza. Aliuliza maswali mazuri juu ya Mungu na juu ya sala, nami moyoni nilifurahi nikaona kwamba huyu anaikaribia njia.

Siku moja nilifundisha habari za Sura Al-Aaraf, mahali ambapo Mwenyezi Mungu ameruhusu kula na kunywa na akakataza kupita kiasi. Nilisema mengi. Magharibi ilipokaribia nikaenda kutawadha. Nikafungua bomba, na mwanafunzi mmoja akaniuliza jambo, nikageuka kumjibu huku maji yanatiririka. Yule kijana akanijia kwa adabu, akasema: "Samahani, Mwalimu. Maji haya mnayatawadhia au mnayafukuza? Maana kilima kile nimekipanda nayo mimi."

Nikafunga bomba. Sikuwa na jibu. Kesho yake alileta maji kama kawaida, akapokea ujira wake, akaenda zake. Hakuketi barazani, wala siku ya pili yake, wala ya tatu.

Ndugu msomaji, mtu akiikataa dini kwa sababu ya hoja, hoja hujibiwa kwa hoja. Lakini akiiacha kwa sababu amemwona mwalimu hafuati afundishacho, atajibiwa kwa nini? Usiku ule nilielewa kwamba maji yale niliyoyamwaga ningeulizwa juu yake mara mbili: mara moja kwa kuwa ni neema ya Mungu, na mara nyingine kwa kuwa yalimzuia mtu asikae kusikiliza.

Kujua si kuzoea

Wala sikuwa mtu asiyejua. Nilipokuwa kijana nilisoma katika chuo cha dini ng'ambo, katika nchi kame ambako majira ya joto hukausha hata majani ya miti. Huko tulitawadha kwa birika ndogo, nayo ilitutosha. Nilirudi nyumbani na shahada yangu, nikakuta bomba, na ile birika nikaisahau.

Tena nilijua mafundisho yenyewe. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Hadhrat Anas r.a. kwamba Mtukufu Mtume s.a.w. alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, na akioga josho kwa pishi moja, yaani mudi nne, mpaka mudi tano. Mudi ni kipimo cha viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyojaa, na kwa hesabu ya wanazuoni wengi haifiki lita moja. Tena katika kitabu cha Ibn Majah imesimuliwa kwamba alipita kwa sahaba wake Saad naye anatawadha kwa maji mengi, akamlaumu kwa israfu hiyo. Na Saad alipouliza kama katika udhu nako kuna israfu, alijibiwa kwamba ipo, hata kama mtu yuko kando ya mto unaokwenda.

Tazama hekima iliyomo. Mtu aliye ukingoni mwa mto hampunguzii jirani yake chochote. Kwa nini basi akatazwe? Kwa sababu israfu huanza kuuharibu moyo kabla ya kuuharibu mto. Mkono uliozoea kumwaga penye wingi hautajua kuzuia siku ya uhaba. Na siku ya uhaba, kama tulivyoona, huja.

Kosa langu la kwanza

Nikaazimia kujirekebisha. Nikachukua daftari, nikaandika mambo saba: kupunguza maji, kuacha kununua maji ya chupa, kubeba kikapu sokoni, kupunguza mkaa, kutosaza chakula, kuokota taka njiani, na kupanda miti. Siku ya kwanza niliyatimiza yote nikajiona walii. Siku ya pili yakabaki manne. Siku ya nne nililikuta daftari chini ya mto wa kitanda, nami sikukumbuka ni lini nililiweka hapo.

Ndipo nilipokumbuka hadithi ya Hadhrat Aisha r.a. kwamba amali zipendwazo zaidi na Mwenyezi Mungu ni zile zidumuzo, hata zikiwa chache. Mimi nilitaka nyingi, nikapata hata chache zisizodumu. Nikafuta mambo sita, nikaacha moja tu: maji ya udhu. Nikaweka muda wa siku arobaini. Sisemi kwamba idadi hii ni sharia katika jambo hili. Hakuna aliyeruhusiwa kuongeza faradhi katika dini. Nilikumbuka tu kwamba Mwenyezi Mungu alimwekea Nabii Musa a.s. miadi ya masiku arobaini, nikaona ni muda wa kutosha wa kuifunza nafsi.

Beseni na kopo

Kwanza nilipima. Niliweka beseni chini ya bomba nikatawadha kama desturi yangu, kisha nikapima maji kwa kopo la lita moja. Yalikuwa lita tisa. Kwa sala tano ni lita 45 kwa siku, yaani madumu mawili na ziada. Na mimi ninaye jirani, mama mjane, ambaye katika siku za mgao alinunua madumu mawili kwa nyumba nzima: kupika, kunywa, kufua na kuogesha wajukuu. Niliyokuwa nikimwaga kwa ajili ya kusimama mbele ya Mungu yalizidi yale ambayo yeye aliishi nayo.

Kuanzia hapo nikatawadha kwa kopo lile. Siku za mwanzo lilikwisha kabla sijafika miguuni, nikaongeza. Nikajifunza kumimina kidogo kiganjani, kusugua kwa mkono badala ya kungoja maji yasugue, na kutozungumza. Mpaka siku ya kumi na mbili lita moja ilinitosha, na viungo vyote vimeenea. Ninasisitiza jambo hili, maana Mtukufu Mtume s.a.w. ameonya vikali juu ya visigino vinavyoachwa vikavu. Kupunguza maji si kupunguza udhu. Osha kila kiungo sawasawa, wala usizidishe mara tatu, kwani kuzidisha huko nako kumekatazwa.

Fanya hesabu: lita 40 kila siku ni madumu mawili, kwa siku arobaini ni madumu 80, nayo ni safari nane za mkokoteni kupanda kile kilima, kwa ajili ya mtu mmoja tu.

Namna ya kulishika jambo

Katika siku hizo nilijifunza mambo manne, nawe unaweza kuyatumia kwa jambo lolote utakalolichagua.

Kwanza, anza kwa kupima. Asiyepima hujidhania mwema.

Pili, lifunge jambo lako kwenye jambo ambalo hukosi kulifanya. Muumini anazo sala tano. Hizo ni kama vigingi vitano, ufunge tabia yako hapo. Wewe ambaye bado husali, lifunge kwenye mlo au kwenye safari ya kwenda kazini.

Tatu, jihesabu kila usiku. Baada ya Isha niliandika alama moja daftarini: nimefanya au sikufanya. Usimwonyeshe mtu, lisije likawa ria.

Nne, ukianguka, omba msamaha kwa Mola wako na uendelee. Mimi nilianguka mara tano katika siku arobaini. Shetani hapati faida kubwa kwa kosa lenyewe. Faida yake ni pale unaposema kwamba yote yameharibika, ukaacha.

Jibu kwa mwenye shaka

Huenda ukasema: Viwanda vinamwaga sumu mitoni, misitu inafyekwa, nawe unanieleza habari za kopo! Ndugu yangu, ni kweli kwamba mwenye mamlaka na mwenye kiwanda wana mzigo mkubwa kuliko wako, nao wataulizwa. Lakini Kurani Tukufu inafundisha kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Wewe utaulizwa juu ya mkono wako. Katika Sura Ar-Rum Mwenyezi Mungu anaeleza kwamba uharibifu wa bara na bahari umetokana na yale ambayo mikono ya watu imeyachuma. Na mikono hiyo ni yetu sote, mkubwa na mdogo.

Tena Mtukufu Mtume s.a.w. alifundisha kwamba mtu ambaye Kiyama kinamkuta na mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Mti huo hautatoa kivuli wala tunda, lakini ameamriwa aupande, kwa sababu wajibu wa mja haungoji ahakikishiwe matokeo. Na aliyeuzuia mkono wake kwanza, ndipo ulimi wake hupata nguvu ya kumwambia mwenye kiwanda.

Wala usidhani kwamba mambo haya yametengana. Anayesaza maji mjini anasahau mlima ulikotoka. Miti ya mlimani huizuia mvua isikimbie yote mara moja, ikanywea ardhini na kutoka polepole katika chemchemi. Mti huo ukigeuzwa mkaa katika tanuri la udongo la kienyeji, sehemu kubwa ya kuni hupotea. Huenda kilo saba au zaidi zikatoa kilo moja tu. Basi anayeroweka maharage usiku kucha kabla ya kuyapika, akafunika sufuria, na akauzima mkaa uliobaki badala ya kuuacha uteketee bure, anasaidia kulinda chemchemi ambayo hajapata kuiona.

Hali kadhalika mifuko ya plastiki. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Sheria zimefanya kazi yake. Lakini chupa na vifungashio vingali vinatupwa katika mifereji, na mvua ikija maji huingia katika nyumba za watu. Mtume s.a.w. amehesabu kuondoa udhia njiani kuwa ni tawi la imani. Ikiwa kuuondoa ni imani, kuuweka ni nini?

Mwisho wa siku arobaini

Baada ya wiki mbili wanafunzi wangu waliliona lile kopo, wakauliza, nikawaeleza aibu yangu bila kuficha. Wakaleta ya kwao. Baadaye wazee nao wakaleta, na makopo yakapangwa ukutani karibu na tangi.

Siku ya thelathini na kitu yule kijana alimaliza kumimina maji, akasimama akitazama ukuta. Akaniambia: "Mwalimu, zamani mlichukua safari mbili kwa siku, sasa hata moja hamuimalizi. Biashara yangu mmeiua." Nikaona haya tena, maana hilo nalo sikuwa nimelifikiri. Nikamwambia msikiti utatafuta namna asipungukiwe. Na kweli tulimpa kazi ya kuchimba mashimo na kumwagilia miche tuliyoipanda uani, kwa maji yale yale ya udhu yaliyokingwa. Akacheka, akaegemeza mkokoteni ukutani, akaketi barazani mahali pake pa zamani. "Haya," akasema, "endelea na lile darasa."

Ndugu msomaji, sikuombi uamini yote kwa siku moja. Nakuomba jambo dogo: leo usiku chagua tendo moja tu ambalo kwalo unaiharibu neema ya Mungu. Lipime. Kisha jizuie nalo kwa siku arobaini, ukijihesabu kila usiku mbele Yake Yeye anayekuona. Ukiwa ni mtafuta ukweli, hili nalo ni sehemu ya kutafuta. Na ukiwa umekwisha amini, kumbuka kwamba huenda yupo mtu barazani anayetazama mkono wako kabla ya kuusikiliza ulimi wako.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa waja Wake waendao katika ardhi kwa unyenyekevu, wapokeao neema kwa shukrani na kuwaachia wengine sehemu yao. Amin.